Baraza la Tuncay na Stoo Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Na ifahamike kwa walio hai na kwa vizazi vitakavyokuja: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwanyumba wangu Tuncay ameingia bandarini Ayvalık na mashua yenye meza.

Meza! Katikati ya baraza!

Baraza napaita mimi pale nyuma kwenye mashua, penye usukani na mabenchi, watu wanapokaa. Mashua zetu ni ndugu wa baba mmoja. Zote ni Poyraz za matanga, futi thelathini na nne. Yangu toleo la kwanza, imezeeka pamoja na ndoa yangu. Yake toleo la tatu, bado inanukia gundi. Tuncay amemwoa mdogo wa mke wangu, na tangu siku ya harusi yake kila nipatapo kitu, yeye hupata toleo jipya la kitu hichohicho.

Nilikwenda kuitazama kwa nia safi ya kuidharau. Nikashindwa. Kwangu wakikaa wanne magoti yanaingiliana kama meno ya zipu, na mkono wa usukani ukigeuka lazima mtu ainue kikombe chake asimwagikiwe. Kwake walikuwa wamekaa saba, na miguu wameinyoosha! Sukani mbili, kulia na kushoto. Nyuma hakuna ukuta, ngazi zinashuka moja kwa moja mpaka majini, kama ngazi za kasri. Jua limeingia kila pembe. Nilifungua mdomo nikasema "Aaah!" Nikapiga hatua mbili, nikasema tena "Aaah!"

Nikasahau kusema mashaallah.

Nilgün, mke wa Tuncay, hakusahau kwamba nimesahau. Aliniangalia machoni. Macho yangu ni ya kijivu, urithi wa bibi yangu wa Krete, na mji huu unaamini macho ya rangi hiyo yanaweza kukausha maziwa ndani ya mbuzi.

Jioni Nermin, mke wangu, alitoa hukumu kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo mbaya. Mama yake, Bi Makbule, anatimiza miaka themanini, na Jumamosi atakwenda visiwani kwa juma zima. Atachagua mwenyewe mashua ya kupanda. Akichagua ya Tuncay, yetu tutaiuza. Ukoo mmoja hauhitaji mashua mbili. Kila kiangazi tutakuwa wageni wa Tuncay, kwenye chumba chake cha nyuma. Nikamuuliza kama anatania. Akasema magoti yake yana ushahidi wa miaka ishirini na minane.

Kuiuza! Mashua niliyoipaka rangi kwa mkono wangu mara kumi na tisa!

Jumanne, 5 Agosti

Mbinu ya kwanza. Tuncay ana baraza, mimi nina stoo. Waliochora toleo la tatu walitaka vyumba viwili vya kulala huko chini, wakavimega kutoka kwenye stoo. Ukifunua benchi lake unakuta kamba mbili na jozi ya sandali. Ukifunua benchi langu la kulia, unashuka! Mtu mzima anaingia, anageuka, anatoka na mawazo mapya.

Asubuhi nilitoa kila kitu nikakipanga gatini ili Bi Makbule ajionee. Nanga mbili. Jiko la gesi. Mito tisa. Birika tatu, moja bila mfuniko na mfuniko mmoja bila birika. Dumu la zeituni. Mashine ya kusaga kahawa. Mwavuli wa pwani. Nyavu, ndoano, vyuma vya uvuvi. Matikiti maji manne. Beseni la kufulia. Kiti cha kukunja. Ramani za nchi nilizokuwa nikifundishia jiografia, mbili kati ya nchi hizo hazipo tena.

Hata mimi nilishangaa. Vyote hivi viliishi chini ya makalio yetu!

Kabla ya saa sita, mgeni kutoka Ankara alikuwa ameuliza bei ya birika. Mama mmoja alianza kunibishia juu ya mwavuli, akasema jirani yangu anauza rahisi zaidi. Jirani gani? Mlinzi wa bandari akaja kunionya kwamba soko ni Alhamisi, tena si hapa.

Bi Makbule akafika katikati ya zogo hilo. Alichungulia ndani ya stoo muda mrefu, ameshika kilemba chake kisianguke. Akaita, "Kuna mtu humo?" Akasema mashaallah mara tatu. Moyo wangu ukaruka. Nikamkaribisha barazani kwa chai. Mkono wa usukani ukamgonga kiwiko, chai ikamwingia mkononi mwa gauni. Akasema kwa adabu kubwa kwamba stoo ni nzuri sana, je, atakuwa anakaa humo?

Tuncay alicheka mpaka akashika mlingoti. Mlingoti wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya soko. Wote wamekwenda kununua jibini na mboga za mwitu. Nikapanda mashua ya Tuncay na futi kamba. Si wizi. Ni jiografia.

Benchi: mita mbili na sentimita kumi. Langu: moja na arobaini. Upana kati ya mabenchi: mtu anaweza kucheza ngoma ya harusi. Nililala kwenye benchi nikatazama mawingu. Subhanallah! Sikugonga kitu. Kwangu ukilala hivyo, kichwa kiko Uturuki na miguu iko chini ya sheria za nchi nyingine.

Meza inakunjuka mabawa mawili. Bawaba za chuma kinachong'aa. Kazi nzuri ajabu.

Nimerudi nyumbani mapema. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Msiba! Asubuhi Tuncay alituita wote, pamoja na majirani wawili wa gatini, kwa chai, kujionyesha. Akakunjua bawa la meza. Akaweka sinia. Bawa likaenda chini kama mlango wa shimo. Bilauri saba, sahani ya nyanya na samaki wadogo wa kukaanga, vyote vikateleza kwenye ngazi za kasri mpaka baharini. Shakwe walikuwa wamekwishaarifiwa, sijui na nani.

Kisha Nilgün akasema neno moja tu: "Jicho."

Wote wakanigeukia. Nikatazama chini, maana kutazama kwingine kungekuwa hatari kwa mali za watu. Nilgün akasimulia ile "Aaah!" ya Jumatatu, na ile ya pili, na hatua mbili za katikati. Tuncay akashika kichwa. Akasema, mwanyumba, kama umeipenda ungesema tu, ningekupa zamu ya kukaa! Nermin akanitetea kwa kusema kwamba sikukusudia, macho yangu ndiyo yalivyo, hata maua ya nyumbani ananizuia kuyamwagilia.

Bi Makbule akaamua: imwagwe risasi. Tuncay afunikwe shuka, risasi iyeyushwe, imwagwe kwenye maji juu ya kichwa chake, husuda iondoke. Vifaa viko wapi? Tuncay akafunua benchi. Kamba mbili na sandali.

Basi nikapata saa yangu! Nani ana risasi? Mimi, kwenye vizito vya kuzamishia nyavu. Nani ana jiko? Mimi. Upawa mkuukuu, shuka, beseni? Mimi, mimi, mimi. Nikapita gatini mara tano nimebeba dawa ya ubaya wangu mwenyewe, kifua mbele.

Lakini tulifanyia kwake. Kwangu shuka lisingetanda. Hapo barazani palikuwa na Tuncay chini ya shuka, mashahidi watano, jiko na bibi wa miaka themanini mwenye upawa wa moto, na bado nafasi ilibaki! Sijawahi kuona baraza kama lile. Safari hii nilisema mashaallah mapema, kwa sauti, mpaka watu wa mashua ya jirani wakaitikia.

Risasi ikalia chwaaa. Mvuke ukapanda. Tuncay akapiga kelele chini ya shuka, ingawa haikumgusa. Bi Makbule akalitoa lile bonge, akaligeuza. Akalitazama. Akanitazama mimi, polepole, kuanzia usoni kushuka chini. Akasema, "Hm."

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya hukumu. Fundi alikuja alfajiri kuweka bawaba mpya, nene. Saa tatu tukasimama gatini kama watuhumiwa. Nermin alikuwa na namba ya dalali wa mashua kwenye simu yake. Niliiona.

Bi Makbule akazikagua mashua zote mbili mara ya mwisho. Kisha akasema kwamba Mungu amewapa binti zake waume wawili, na mashua moja iliyokatwa vipande viwili. Moja ina pa kukaa lakini haina pa kuweka. Nyingine ina pa kuweka lakini haina pa kukaa. Watu watapanda ya Tuncay. Vitu vitapanda ya Şefik.

Şefik ni mimi.

Tuncay akauliza kama ya Şefik basi haitauzwa. Mama mkwe akamuuliza, mwanangu, wewe umewahi kuona mtu akiuza kabati la jikoni na bado anataka kula? Nermin akafuta ile namba. Niliiona ikifutwa.

Tumefunga safari. Mbele, Tuncay na wanawake watatu, wanaimba. Nyuma, mimi na mito tisa.

Jumapili, 10 Agosti

Tumetia nanga kwenye ghuba tulivu. Hapa hakuna anayesoma daftari hili, kwa hiyo niseme kweli.

Halikuwa jicho.

Alhamisi, baada ya kupima mabenchi, nilitaka kujua kama mtu akisimama barazani anagonga mti wa tanga unaopita juu. Futi kamba haikufika. Nikapanda juu ya meza. Niliposhuka nikakaa kwanza kwenye bawa lake, kupumzika tu, kutazama ngazi zikiingia majini. Ilikuwa nzuri mno. Nikasikia "ka". Nikainuka. Bawaba ilikuwa imepinda na parafujo moja imetoka nusu. Nikairudisha kwa kidole gumba, nikalifunga bawa likasimama vizuri, nikaondoka nikipiga mluzi. Ijumaa waliposema jicho, nilisikitika dakika moja. Kisha nikaona kwamba kuogopwa ni heshima kuliko kuchekwa.

Mchana huu Bi Makbule aliletwa na Nermin kwa kimashua cha makasia kuchukua jibini na tikiti. Nermin aliposhuka stooni, mzee akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amemwaga risasi miaka hamsini. Jicho ameliona likipasua kioo, likiliza mtoto, likikatisha maziwa. Hajapata kuliona likipinda parafujo kuelekea chini.

"Jicho halina uzito, mwanangu. Wewe una kilo ngapi?"

Nikasema tisini na mbili.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema mtu akivunjiwa meza hukasirika, lakini akionewa husuda hufurahi. Nimtazame Tuncay. Nikamtazama. Amekaa barazani kwake kama sultani, kitambaa cha chai begani, anamsimulia mkewe kwa mara ya saba jinsi mashua yake ilivyomshtua mwalimu mzima. Sijawahi kumwona mwanyumba wangu na furaha kiasi hicho. Na lile baraza! Jua linazama pale kana kwamba limealikwa.

Bi Makbule akanisihi nikamwambie ukweli mwenyewe, siku nitakayokuwa tayari. Nikaapa.

Nitamwambia kesho. Watakuwa wamekwenda kuogelea wote, kwa hiyo nitamsubiri kulekule barazani kwake, penye meza. Fundi anadai bawaba mpya inabeba kilo themanini. Lakini mafundi, kila mtu anajua, hupunguza kidogo kwa tahadhari.