Wigi la Kipilipili

Jumatatu, 2 Juni

Aibu ya kwanza ya wiki, na hata chai sijamaliza. Nesi wa zahanati aliingia saluni, akanitazama, akatabasamu, akapita. Akaenda kwa wifi. Kulikuwa na foleni kwa wifi! Akakubali kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, huku upande wangu viti vyote vitupu na nimeviwekea mito.

Chumba ni kimoja. Mama mkwe alitupa tugawane, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tukatundika pazia katikati. Upande wake kuna dirisha na wateja. Upande wangu kuna kioo na mimi.

Najua wanachosema. Wanasema nasuka vizuri lakini nakaza mno, eti mteja wangu anarudi nyumbani hawezi kufumba macho. Uongo mtupu. Wanafumba, ila si siku ile ile.

Halafu kuna hili la kichwa changu, ambalo hakuna alijuaye ila mume wangu. Mwezi uliopita nilijipaka dawa ya kunyoosha. Ilipoanza kuwasha tu, ndipo wifi alipohamisha kiti changu bila kuniuliza. Nikatoka nje kubishana naye. Nilibishana vizuri sana. Niliporudi kuosha, nywele ziliondoka na maji. Vimebaki vishungi na mabaka. Tangu hapo sivui kilemba. Watu nawaambia ni mtindo.

Jumanne, 3 Juni

Binti yangu amerudi shuleni analia. Yuko darasa la pili. Mwenzake kamwambia nywele zake ni chuma cha kusugulia masufuria. Sasa anataka dawa ya kunyoosha. Anaitaka leo. Akasema mama unayo, iko kabatini juu, kwenye mkebe wa pinki.

Kichwa kikaanza kuniwasha chini ya kilemba. Nikamwambia dawa hapana. Nikamwambia nywele zake ni nzuri, zikilowa zinalainika, zinakubali mtindo wowote. Akaniuliza, kama ni nzuri, mbona mimi zangu nimezifunika? Mtoto huyu ana maswali kama askari.

Nikasema sijazifunika, nazilea. Ni za asili kabisa, kama zake. Nitazitoa wiki hii hii. Akafuta machozi, akauliza kama kweli ni kama zake. Nikasema kama zako, mwanangu.

Mdomo huu! Sasa nifanyeje?

Jumatano, 4 Juni

Nimepata! Nimenunua wigi. Si lile refu la mawimbi, maana nani angeamini? La kipilipili. Jeusi, la duara, limejaa vizuri. Nimelishona kwenye kofia ya soksi, nikachambua nyuzi za upande mmoja ili lionekane limelaliwa. Kazi ya fundi hiyo. Wigi la kujifanya huna wigi! Sijui wengine wanawaza nini siku nzima.

Mume wangu alisema limenikaa vizuri, kisha akauliza nitalivua lini. Hana maono.

Binti alipiga kelele za furaha. Akaleta kioo, akaweka kichwa chake karibu na changu, akatazama kimoja, akatazama kingine. Akasema tunafanana. Habari ya dawa hakuitaja tena. Nilijiona mama bora na mwizi kwa wakati mmoja. Nilikaa nalo hilo mpaka chakula cha jioni, halafu nikaamua mama bora.

Alhamisi, 5 Juni

Wateja wamevuka pazia! Wote wanauliza nimezikuza vipi. Nikasema kwa mafuta yangu mwenyewe. Sina mafuta yangu mwenyewe. Mchana nikakimbilia jikoni nikachanganya mafuta ya nazi, asali na manukato ya mume wangu. Yakanunuliwa yote.

Wifi alichungulia. Akasema nywele zangu zimekua haraka. Nikamwambia ni damu. Akasema haya, wifi. Ile haya yake! Mtu anaweza kukuvua nguo kwa neno moja.

Ijumaa, 6 Juni

Nesi, aliyenunua mafuta yangu jana, amerudi na malalamiko. Sisimizi wamemfuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo dalili ya mafuta ya asili, hata wadudu wanayaamini. Alinitazama kama anayenipima homa, akaondoka.

Lakini hilo si kitu. Kuna jambo kubwa! Mwalimu mkuu anataka mzazi mmoja awaonyeshe akina mama namna ya kutunza nywele za watoto, maana wengine wanafika darasani na vidonda vya dawa, wengine misuko imewavuta mpaka mapaji yanang'aa. Alitaka kumwita wifi. Ndipo binti yangu akanyoosha mkono. Akasema mama yake ana nywele kama zake, ni nzuri, na haziogopi mvua. Mwalimu akacheka, akasema basi aje mama huyo.

Ni kesho. Na wifi atakaa chini, anisikilize mimi! Raha iliyoje. Hofu ipo pia, lakini kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Ardhi ilikuwa na nafasi ya kupasuka na kunimeza. Haikuitumia.

Mpango ulikuwa mzuri, naomba hilo lieleweke. Nilibeba chanuo la meno mapana, chupa ya kupuliza yenye maji baridi, na chupa ya chai iliyojaa maji moto ya kupashia mafuta, maana mafuta vuguvugu hupenya. Akina mama walijaa. Walikaa kwenye vile viti vya watoto, magoti usawa wa masikio. Binti yangu alikaa mbele kabisa, na pembeni yake yule mwenzake wa masufuria. Alimleta makusudi.

Nilianza vizuri sana. Nilisema nywele za asili hunywa maji, kisha hujikunja na kuwa fupi, na kufupika huko si ubaya, ndivyo zilivyo. Yote ni kweli. Nilimsikia wifi akiwaambia wateja nyuma ya pazia, nikayakariri. Mama mmoja akavutiwa. Akaomba nionyeshe kwenye nywele zangu mwenyewe.

Nikapuliza. Matone yakakaa juu kama juu ya mwavuli. Nikapuliza tena. Yakateleza yote shingoni. Wigi halikunywa hata tone. Akina mama wakainama mbele. Ningeishia hapo! Ningesema muda umekwisha, ningekohoa, ningeanguka! Badala yake nikausikia mdomo wangu ukieleza kwamba nywele zilizolelewa vizuri hazitaki maji baridi, zinataka ya moto. Nikafungua chupa ya chai. Nikajimwagia.

Mimi ni msusi. Maisha yangu yote nimechovya ncha za rasta, hizi nywele za nyuzi, kwenye maji moto ili zinyooke na kutulia. Mikono yangu inalijua hilo hata gizani. Kichwa ndicho kilichosahau kimevaa nini.

Kipilipili kikafunguka. Taratibu, mbele ya wote, kikashuka usoni mwangu, kimenyooka, kinachuruzika, mpaka kidevuni. Maji yalinichoma masikio, lakini masikio yalikuwa yanawaka tayari. Hakukuwa na haja ya mtu kuelezwa. Hakuna mwanamke mle ndani ambaye rasta zake hazijawahi kuchovywa. Bibi mmoja wa nyuma akasema, tena bila ubaya, kwamba anaijua aina hiyo, ni nzuri, haifungi mafundo.

Hapo ndipo walipocheka.

Nikajaribu kulisukuma nyuma angalau nione mlango uko wapi. Likaja lote mkononi. Mabaka yangu yakaona mwanga wa jua kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Wifi akainuka, akanifunika kwa mtandio wake mpya. Alitaka watu wauone mtandio, bila shaka. Akanishika mkono akanitoa nje, kisha akarudi ndani kumalizia somo. Nilimsikia dirishani. Walimpigia makofi.

Binti yangu hakucheka. Wakati wote alitazama viatu vyake.

Jumapili, 8 Juni

Sijatoka chumbani. Nimesema naumwa. Mume wangu ameleta uji, akauliza ninaumwa wapi, nikaonyesha kila mahali. Amekubali, ni mtu mwema.

Jioni binti aliingia. Alikuwa hajasema nami tangu jana. Akapanda kiti, akashusha ule mkebe wa pinki kutoka kabatini, akaniwekea mapajani. Akasema nimpake. Akasema wewe umeficha zako, basi na zangu ni za kuficha.

Jana niliaibika mbele ya darasa zima la akina mama. Leo ilikuwa mbele ya mtu mmoja, meno ya mbele hana, na ilikuwa mbaya zaidi. Nilitafuta la kusema. Mimi! Sikupata hata uongo mdogo.

Nikavua kilemba. Nikamwambia atazame, kazi ya mkebe ule ndiyo hii. Akatazama sana. Akagusa baka moja kwa kidole, akauliza kama linauma. Nikasema haliumi, linatia aibu tu. Akauliza zitaota tena? Nikasema zitaota. Kama za nani? Kama zako hasa, nikasema, na safari hii ilikuwa kweli, nikashangaa jinsi kweli isivyo na kazi kubwa.

Akachukua mkebe, akaenda kuutupa mwenyewe. Kisha akamwita baba yake aje na mashine. Nilinyolewa zote nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani, na binti amenishikia taulo kama anashikilia bendera. Akanipaka mafuta kwa viganja vyote viwili. Yalikuwa mafuta ya wifi. Sikuuliza yamefikaje nyumbani kwangu.

Nimelia. Naapa sitadanganya tena kuhusu kichwa changu. Naandika hivyo nisije nikatoroka.

Jumanne, 17 Juni

Natembea kichwa wazi. Siku za kwanza nilipita kichochoroni. Sasa napita barabarani, ingawa haraka.

Jambo la ajabu, wateja wanakuja. Yule mama aliyeniomba nionyeshe amemleta mtoto wake aliyeunguzwa na dawa. Alisema anataka mtu anayejua inavyokuwa. Nikamsuka mtoto bila kukaza. Nilitumia nguvu nyingi sana kutotumia nguvu. Akalala usingizi katikati ya kazi, na macho akayafumba!

Kila jioni binti ananipaka mafuta na kupima zimefika wapi kwa ukucha wake wa kidole kidogo. Ametangaza darasani. Yule wa masufuria amekuja mpaka nyumbani kugusa, na akaomba aguse na za binti pia. Binti akamruhusu, kwa masharti. Sasa anakwenda shuleni nywele nje, amezifunga mafungu mawili juu, anazitikisa makusudi.

Wifi ameondoa pazia. Akaniambia kichwa changu kina umbo zuri, nisihangaike. Alimaanisha nini? Kwamba mengine yote ni mabaya? Kwamba yeye anazo za kumwaga, mimi nishukuru umbo? Nimeliwaza mchana kutwa. Nikamkazia mteja mmoja bila kukusudia.

Jumamosi, 21 Juni

Nesi kaniuliza, mbele ya wifi, mbele ya foleni nzima, mbona zangu zinachelewa kuota. Hakuwa na ubaya. Ndiyo watu wabaya zaidi hao. Wifi akajibu kwa niaba yangu, akasema ziachwe, zitakuja zenyewe. Kwa niaba yangu! Nani alimtuma?

Nilisimama pale na kitana mkononi, nikihisi upepo kila mahali kichwani.

Lakini nimepata! Ni rahisi mpaka nashangaa sikuliona mapema. Nimenunua wigi fupi sana, la kipilipili, nywele zake hazifiki hata nusu ya kidole. Nani atalishuku fupi namna hiyo? Mwezi ujao nitanunua lililozidi kidogo. Mwezi wa pili yake, lililozidi hilo. Zitakuwa zinakua mbele ya macho yao! Na wakiuliza siri, nina mafuta, safari hii bila asali. Wala si wigi la nyuzi kama lile. Ni nywele za mtu kweli, zinakunywa maji na kujikunja, nimelijaribu kwa baridi na kwa moto. Mimi si wa kurudia kosa.

Nimelivaa mbele ya kioo. Limekaa kama limeota hapo. Halina kasoro hata moja.

Ila hii moja. Namsikia binti anakuja na kichupa chake cha mafuta, anaimba, ndiyo saa yake ya kupima. Nimelifunga kilemba juu haraka. Nitamwambia kichwa kinaniuma.