Mifupa ya Shanice

Jumatatu, 11 Agosti. Voi.

Kliniki asubuhi. Mtaalamu wa lishe amesema maziwa na Shanice hawapikiki chungu kimoja. Akinywa tu, midomo inavimba na kutapika kunafuata. Kalsiamu itoke kwingine: dagaa wa omena pamoja na mifupa yao, uji wa wimbi, sukuma wiki, ufuta. La sivyo mifupa itabaki dhaifu. Shanice ana miaka saba na katika hivyo vyote hali hata kimoja. Mtaalamu akaniuliza mimi, babake, hula nini. Nikamjibu kwamba mgonjwa si mimi.

Jioni mama mkwe kapiga simu kutoka Wundanyi. Anakuja Jumamosi. Akimkuta mtoto bado anaishi kwa ugali na soseji, anamchukua, akasome huko huko milimani. Peris mke wangu hakupinga. Nimeumia sana. Nyumba bila Shanice ni stoo. Lakini niko likizo, na akili ninazo.

Jumanne, 12 Agosti.

Mpango wa kwanza. Nimesaga omena wakawa unga, nikauchanganya kwenye mandazi. Ustadi mtupu. Paka wa mtaa mzima wakaja kushuhudia. Shanice alinusa akiwa bado mlangoni, akasema nianze mimi. Nikamwambia nimeshiba. Akasema hata yeye.

Jirani Miraj akachungulia ukutani kuuliza nini kimeoza. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mwanawe Waleed hula omena na vichwa. Mtu mwenye majivuno yule.

Jumatano, 13 Agosti.

Uji wa wimbi, rangi ya kahawia safi. Nikamwambia Shanice ni chokoleti ya Ulaya. Akaniomba nionje kwanza. Sasa, mimi na uji tuliachana tangu shule ya bweni na sioni sababu ya kurudiana. Nikamweleza kwamba wanaume hunywa chai. Akafunga mdomo, akanitazama mpaka uji ukaganda.

Chakula cha mchana: ugali na soseji, sote wawili. Peris akatutazama, akatikisa kichwa, akaenda kazini.

Alhamisi, 14 Agosti.

Wazo kubwa. Ng'ombe wa malisho ya Ndara hawajawahi kwenda kliniki ya lishe, na tazama mifupa yao. Siri ni ile chumvi ya madini wanayolamba. Nikaenda dukani kwa Muinde, muuza dawa za mifugo. Mfuko umeandikwa kalsiamu kwa herufi kubwa. Muinde akauliza nina ng'ombe wangapi. Mmoja, nikasema, mdogo, anachagua chakula. Akauliza kama ameacha kunyonya. Zamani, nikasema, yuko gredi ya pili.

Muinde akaurudisha mfuko kwenye rafu. Akasema akiniona tena karibu na rafu hiyo atamwita chifu. Kufika nyumbani, Miraj ananisalimia kwa kuuliza hali ya ng'ombe. Mji huu hauna siri.

Ijumaa, 15 Agosti.

Nimemeza kiburi. Nimemwalika Waleed ale omena mbele ya Shanice ili aone wivu. Waleed kala wake, kala na wa Shanice, kaomba na limau. Shanice akamuuliza kwa nini anapenda. Akasema yeye na babake hushindana nani atamaliza kwanza. Maneno ya watoto, sikuyatilia maanani. Kesho mama mkwe. Nina hofu.

Jumamosi, 16 Agosti.

Amefika na kapu, akaingia jikoni mwenyewe. Omena wa kukaanga, sukuma wiki yenye ufuta. Akatupakulia kwa mkono wake, mimi kwanza. Chakula cha mama mkwe hakikataliwi, hilo hata mtoto anajua. Nilikuwa nimevaa koti kwa heshima, ijapokuwa jua la Voi lilikuwa linatuchoma. Koti lina mifuko mirefu. Nikatafuna hewa, nikasifu mapishi, mkono ukafanya kazi yake chini ya meza.

Shanice alikuwa ananitazama. Naye akatafuna hewa, akasifu mapishi, akajaza mifuko ya gauni.

Mafuta yalipenya gauni kwanza. Mama mkwe akainuka, akapapasa gauni, kisha akatia mkono kwenye koti langu. Akawapanga omena wote mezani. Halafu akatoa hukumu: mtoto hana tatizo, anajifunza vizuri sana. Mtoto abaki na mamake. Wa kupelekwa Wundanyi ni mimi, mpaka likizo iishe. Peris akaenda kunipangia nguo kwa furaha isiyofaa.

Jumanne, 19 Agosti. Wundanyi.

Baridi. Sukuma wiki asubuhi, sukuma wiki jioni. Naambiwa nisiondoke mezani.

Shanice kapiga simu. Anakula kwa kina Waleed, wanashindana, jana alikuwa wa pili. Sauti yake ilinifanya nitamani kulia. Akauliza kama mimi nimemaliza mboga zangu, maana ameahidi hatamaliza zake kabla yangu. Nikatazama sahani. Ilikuwa imejaa. Nikamwambia nimemaliza zote na nimeongezwa. Akashangilia, nikasikia kijiko chake kikianza kazi.

Niliona aibu, karibu dakika nzima. Kisha wazo likanijia. Kesho nitamweleza mama mkwe, kwa unyenyekevu, kwamba mtoto alirithi mzio wake wa maziwa kutoka kwangu. Mimi wangu ni wa mboga za majani.