Saa Mbili za Roma

Haraka haraka ina baraka tele, ilimradi unaiuza wewe. Donatus wa Kambarage alilijua hilo tangu aliposhuka basi Ushirombo, mwaka 1978, suti ya kaunda imenyooka, saa moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, akakuta watu wananung'unika kwamba siku hazitoshi kupalilia pamba.

"Hazitoshi?" akauliza kwa huruma ya padri. "Mbona mimi ninazo za ziada?"

Akapanda juu ya gunia. Yeye, alisema, ni mtunza masalio wa uwanja wa ndege. Dar es Salaam hadi Roma ni kilomita elfu sita na ushee. Ndege inaruka saa nane nzima. Inaondoka saa mbili asubuhi, inatua saa kumi. "Lakini kule Roma ni saa nane tu!" Akainua mikono: kulia Dar, kushoto Roma. "Kutoka saa mbili hadi saa nane ni saa ngapi?"

"Sita!"

"Na wameruka nane. Mbili zimekwenda wapi?"

Watu wakahesabu vidole. Hata kuku walifikiri.

"Nimeziokota mimi. Na zimepita juu ya paa la Baba Mtakatifu."

Mzee Telesphori akatoa beberu papo hapo, apate saa ya kulala, bila kudai hata karatasi. Ndipo akasogea Mektilda, mama yake Anisia, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wangu ananunua ngapi?"

"Huyo? Saa mbili kamili."

"Basi andika. Na balozi Makoye ashuhudie."

Donatus, aliyependa mwandiko wake kuliko mama yake mzazi, akaandika kwa mikunjo: *Nimemuuzia Mama Anisia saa mbili. Ng'ombe atatolewa kesho saa nne.* Balozi wa nyumba kumi akatia dole gumba.

Kesho yake saa nne akafika na kamba, akimburura beberu wa Telesphori. Mektilda alikuwa mlangoni, na kijiji kizima nyuma yake.

"Kwanza saa zangu," akasema, akinyoosha kiganja.

"Mama, hizo hazishikiki. Utaziona shambani."

"Balozi, soma."

Makoye akasoma. Saa mbili. Akaitazama mikono ya Donatus, akahesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Zinashikika."

Watu wakacheka hadi beberu akalia. Donatus akapiga hesabu: saa mbili za bandia, ng'ombe mzima wa maziwa. Akazivua Dar na Roma, akazikabidhi kwa tabasamu, kisha akaelekea zizini.

"Unakwenda wapi?" Mektilda akazuia njia.

"Kumchukua ng'ombe!"

"Karatasi inasema atatolewa saa nne. Umeleta mbili. Lete mbili nyingine."

"Saa nne ni sasa hivi! Jua hilo hapo!"

"Jua halikutia dole gumba. Na kesho ndiyo leo. Ikipita, hakuna ng'ombe. Muachie Telesphori beberu wake, basi linaondoka."

"Mama, umeniibia! Niombe radhi angalau!"

Mektilda akazivaa saa zake, kulia na kushoto.

"Radhi siombi," akasema. "Sina muda."