Nyumba ya Masuguru na Mabega ya Mashewa

Jumanne, 10 Juni 2025

Na ndiyo maana namwambia Deo wangu kila siku kwamba wifi Hilaria, dada yake, hanipendi kwa sababu moja tu: nimependeza. Wiki ya tano ya ndoa! Mume wangu anachomelea mageti mji mzima, na kila akimaliza geti ananipigia simu nikalione. Mwanamke gani mwingine Korogwe anaitwa kwenda kuona geti?

Sasa vita imeanza rasmi. Jumapili baba mkubwa wa Deo, Mzee Gregori wa Mashewa, alituita ukoo wote. Tajiri! Mashine za kusaga, malori, na nyumba ya mjini hapa Masuguru, vigae mpaka barazani, imefungwa miaka mitatu haina mtu. Sisi tumepanga chumba kimoja hatua mia kutoka pale. Kila asubuhi naipitia nikiisalimia kimoyomoyo.

Daktari amemwambia Mzee moyo wake umechoka. Basi akatangaza mbele yetu: nyumba ya Masuguru ni ya atakayehakikisha anazikwa na watu. Maana hajawahi kuzika mtu. Msiba ukitokea, hutuma bahasha na dereva. Na Mashewa wana kikundi cha kufa na kuzikana, Waislamu kwa Wakristo; usiposhika jembe kwa mwenzio, kwako hakuna atakayelishika. Hilaria akaninong'oneza kwamba Mzee anaogopa kuzikwa na dereva.

Mimi nimeshachagua mapazia. Rangi ya maziwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimefika Mashewa kabla ya Hilaria. Ushindi wa kwanza!

Nimepiga magoti, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Sebule ina sofa kumi na mbili, zote bado zimevaa nailoni za dukani. Nilipokaa zikalia kama bata. Mzee akaniuliza kama naogopa kufa. Nikamjibu hapana baba, nimeolewa juzi tu. Akasema yeye usiku na mchana anasikia nyumba ilivyo tupu, kama debe. Nikamwambia utupu huo dawa yake ni mapazia, nikamuuliza madirisha ya Masuguru yana upana gani. Akaniangalia sana. Nadhani amevutiwa na akili zangu.

Kisha mbio kwa Mama Shida, mwenyekiti wa kikundi. Nimebeba bahasha nono ya Mzee na sufuria mpya mbili kubwa. Nikajieleza kwa ufasaha wa kidato cha nne. Mama Shida akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Mwari wee, sisi hatuuzi mabega. Mwambie Gregori aje mwenyewe na jembe." Akanirudishia bahasha. Sufuria nazo akanitwika.

Hana elimu ya biashara.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango wa pili, wangu peke yangu: karamu! Watu wale kwa Mzee, wampende, wamzike. Nimepika pilau tangu alfajiri. Deo amekuja kupepea moto, uso wote masizi, mzuri kuliko siku ya harusi.

Hilaria naye kaleta kwaya kutoka mjini, watu tisa na kinanda, eti wazoee eneo kabla ya siku ya mazishi.

Mzee alinawa mikono saa sita, akakaa kwenye kiti pale getini, kanzu nyeupe, akingoja. Saa saba. Saa nane. Watu walipita na majembe yao wakirudi shamba. Walimsalimu vizuri, wakaendelea. Mmoja alisema ahsante mzee, tutakulaje pilau yako nawe hujawahi kuonja makande ya matanga yetu? Saa kumi Mzee akanawa mikono tena, sijui kwa nini, akaingia ndani.

Kwaya imekula yote. Hilaria akaniambia hongera wifi, pilau yako imepata waombolezaji. Nikamjibu angalau yangu ilikuwa na chumvi, kinanda chake hakina.

Deo alikaa na Mzee mpaka magharibi. Nilimuuliza alipata nini. Akasema hakupata kitu. Mume wangu ana moyo safi, ila hajui kufuatilia.

Jumapili, 15 Juni

Mzee Muhidini amefariki alfajiri! Jirani wa Mzee Gregori, mpaka wao wa shamba waliugombania miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumelala kule kule Mashewa, nikakimbia kumpa Mzee wazo: nitafute vijana wawili wenye nguvu wachimbe kwa jina lake. Hatatokwa hata na kijasho.

Mzee akaomba gambuti zake. Nikamwambia baba, moyo! Akasema ndiyo, huo huo. Akatoka kwa miguu, jembe begani, Deo nyuma yake.

Mimi nilibaki uani na wanawake. Mama Shida akanielekeza kwenye sufuria za kuosha. Nikaonyesha hina yangu, bado mbichi kabisa. Hilaria akajipitisha, akakunja kanga, akaosha zote! Mnafiki mkubwa.

Deo amenisimulia ya makaburini. Mzee alichimba majembe saba, akapumzika, akachimba saba. Hakuna aliyemwambia acha. Kisha akawaambia watoto wa Muhidini kwamba mpaka aliusogeza yeye, na kesho wakaurudishe. Wakashikana mikono juu ya udongo. Alirudi uani amejaa tope, akakaa mkekani, akala ugali na maharage kwenye sinia moja na wanaume sita. Niliona kwa macho yangu akicheka punje zikimtoka mdomoni. Tajiri mzima!

Lakini nimefurahi. Wazo la jembe lilitokana na safari yangu kwa Mama Shida, mimi ndiye niliyemfikishia Mzee ujumbe. Nyumba ni yetu.

Alhamisi, 19 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Mzee ametuita. Sofa zimevuliwa nailoni! Mama Shida amekaa moja, Bi Mwaija dada wa marehemu Muhidini nyingine, na kuku amelala kwenye ya tatu. Nimevaa gauni nililoagwa nalo kwenye sendofu. Mzee akasema nyumba ya Masuguru ameipa kikundi, ili wanaouguza wagonjwa wao mjini wapate pa kulala.

Kikundi! Hilaria akapiga vigelegele. Deo wangu akasimama akapiga makofi, akaahidi kuchomelea geti bure. Nilimkanyaga mguu. Akaniambia pole mpenzi, nimekukanyaga.

Jumatatu, 23 Juni

Mzee Gregori alifariki Jumamosi, usingizini. Leo tumemzika.

Sijawahi kuona watu vile. Mashine zote zimefungwa, shule imefungua dirisha watoto waone. Jeneza halikubebwa, lilipokezwa bega kwa bega; nilimtafuta Deo katikati ya mabega yale nikashindwa kumjua mume wangu. Watoto wa Muhidini ndio waliotangulia kuchimba. Nilisimama kidogo bila kufikiria chochote.

Ndipo Mama Shida akanishika mkono, akaniomba niandikishe jina kwenye kikundi, Hilaria ameshaandika lake. Nikamshukuru nikakataa. Miaka ishirini na mitatu, bibi arusi, niandikishwe miongoni mwa wafu? Hilaria aende, uso wake unaruhusu.

Njiani nimelitafakari kosa langu nikaliona: nilichelewa. Mzee alikuwa ameshaanza kuumwa, na mgonjwa hafikirii sawasawa. Tajiri hufuatwa akiwa mzima. Sasa Deo kanitajia bila kujua kwamba Bibi Agripina, shangazi wa marehemu mama yake kule Mazingara, hana mtoto, ana shamba la michungwa na nyumba ya vyumba vitano, na afya yake ni chuma. Chuma! Tayari nimenunua kitenge cha zawadi. Deo anasema mke wake ana upendo kwa wazee mpaka anaona fahari.

Bibi Agripina, shikamoo kutoka hapa nilipo. Mwezi huu hautaisha sijabisha hodi kwako.