Diski Mpya ya Asali

Jumatatu, 3 Juni
Mwezi wa pili wa ndoa, na bado nikimwona Asali akipiga mswaki moyo unaniruka. Leo aliwasha kompyuta yake kuukuu, aliyokuja nayo kutoka kwao. Akaosha vyombo vyote, akarudi, bado haijamaliza kuwaka. Akasema atamwita kaka yake. Kaka yake! Shemeji huyu anajiita Injinia kwa sababu anabadilisha vioo vya simu kibandani. Siku ya harusi alinishika bega mbele ya wazee, akasema hata taa ikiungua nyumbani kwangu nimpigie. Watu wakacheka. Asali naye alicheka, kidogo. Sijasahau.

Nimenunua diski mpya ya kuipa kasi. Mfumo wa kuiendesha nitauweka mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Asali kazini. Nimefungua kasha, vumbi la kujaza kikombe. Diski mpya ni nyembamba kama biskuti. Nimeibusu. Nimeipachika kando ya ile ya zamani, bisibisi ikanichana kidole. Damu ya mapenzi. Skrubu mbili zimebaki; kiwandani huwa wanazidisha.

Skrini ikauliza mfumo uwekwe wapi, ikaonyesha diski moja tu. Nikafurahi. Kompyuta imeisahau ile ya zamani, kama mimi nilivyowasahau wasichana wote. Ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Vyote vipi, ndani ya diski mpya? Nikabonyeza.

Jumatano, 5 Juni
Asali ameiwasha, akasema mbona mwendo ni uleule. Nimemweleza kwamba kasi haiji siku moja. Akaniita fundi wake. Nimeelea mpaka dari. Kisha akauliza picha za harusi ziko wapi, maana mama yake anakuja Jumamosi kuziona, na mpigapicha alishafuta zake. Nimesema zinapumzika.

Alhamisi, 6 Juni
Injinia ameitwa. Ametazama, amecheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema mashine ni ya zamani mno, diski mpya haikuiona kabisa. Iliyoonekana ni ile ya zamani, nami nikaifuta. Mpya iko tupu kama ilivyotoka dukani. Akaniambia shemeji, hata mwizi huacha kitu.

Asali hakucheka. Hakulia pia. Alienda kukunja nguo, zake tu.

Ijumaa, 7 Juni
Injinia amerudi na flashi. Kumbe alinakili picha zote wiki ile ya harusi, kwa kuwa anajiona ametoka vizuri ndani ya suti. Asali ameishika kwa mikono miwili kama kifaranga, akamwita kaka yake mwokozi wa ndoa. Ndoa yangu! Injinia amesema hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki, mtu asiiguse hadi kesho aje kuzihamisha mwenyewe. Aliposema mtu alinitazama mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Asali amekwenda kumpokea mama yake. Ameniambia nisiguse kitu, akasahau kuniaga. Asali wangu, hasira inampendeza. Lakini Injinia ndiye atakayewaonyesha picha? Mbele ya mama mkwe, kwenye meza yangu, kwenye kiti changu? Haiwezekani.

Nimechomeka flashi. Mashine imesema haiwezi kuisoma, sharti kwanza iifute na kuipanga upya. Ikauliza kama ninakubali.

Nimekubali. Sasa napanga viti vinne mbele ya skrini. Changu katikati, kimegusana na cha Asali.