Gego Lililolala Ubavu

Jumatatu, 4 Agosti
Shavu la kulia limevimba. Taya halifunguki vizuri. Nimeweka karafuu na kumwambia mke wangu nimeumwa na nyuki. Akauliza nyuki gani huyo anayeuma shavu kwa ndani. Nikaongeza karafuu. Mashavu, mpiga tarumbeta wa pili bendini, asijue kabisa. Wiki ijayo kuna harusi kubwa, na nafasi yangu ya tarumbeta ya kwanza anaimezea mate.

Jumanne, 5 Agosti
Mke amenikokota kwa daktari wa meno. Mama mfupi, mikono midogo. Akaweka eksirei kwenye taa. Lahaula! Gego la mwisho limelala ubavu ndani ya mfupa, kichwa kimemwegemea jirani yake. Chini ya mizizi unapita mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, ndio unaoupa hisia mdomo wa chini. Miaka yote napuliza, kumbe riziki yangu inaning'inia kwenye uzi ule. Ningeachama kama taya lingeniruhusu.

Akanieleza njia. Kukata ufizi ulioliziba: haisaidii jino lililolala. Kulitoa lote vipandevipande: mshipa ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Au kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi humo humo. Nikachagua njia ya nne, kwenda nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti
Mpango: atangulie Mashavu kupasuliwa, nione mdomo wake utakuwaje. Nikamwambia wapuliza tarumbeta wakubwa wote hukaguliwa magego. Akaenda mbio. Amerudi anacheka, yake yamesimama wima. Tena mapokezi amemkuta mke wangu akiniandikisha upasuaji. Kiongozi wa bendi ameshaambiwa, na harusi amempa Mashavu.

Ijumaa, 8 Agosti
Kichwa cha jino kimetoka, mizizi imebaki. Nilikuwa macho muda wote. Mikono ile midogo haikutetemeka hata mara moja. Nimepiga muziki na mafundi wengi, utulivu ule sijauona kwa yeyote. Nyuzi mbili ufizini, barafu, uji wa vuguvugu. Jioni mdomo wa chini bado si wangu. Niliogopa sana. Kisha nikahisi kidole cha mke wangu kikinifuta uji. Nililia, nasema kweli.

Jumapili, 7 Septemba
Daktari ameniruhusu. Nimepuliza sauti moja, ndefu, safi. Jirani akazima redio asikilize. Yule mama ni fundi, nitamheshimu hadi naingia kaburini. Amesema gego la kushoto nalo limelala vilevile, nirudi mapema kabla halijavimba.

Leo linapwita kidogo. Upepo tu. Jumamosi kuna harusi nyingine na Mashavu ameanza kuniulizia hali. Nimenunua karafuu. Mke nimemwambia ni nyuki.