Malalamiko ya Kinyozi Chujio Kuhusu Kutoweka kwa Ndui

Kwa Bwana Mganga Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni kinyozi wa hapa nyuma ya soko. Watu huniita Chujio kwa sababu ya uso wangu, ambao ndui iliutoboa nikiwa mtoto. Nimevumilia miaka mingi bila kuisumbua ofisi yako, lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Nalalamika kwamba nyinyi watu wa chanjo mliiondoa ndui duniani bila kutuuliza sisi tuliokuwa tukiitegemea. Madhara yaliyonipata ni haya:

1. Kazi yangu. Zamani kunyoa ndevu kulikuwa ufundi. Shavu la mtu aliyeugua ndui lina mashimo, na kila shimo lina udevu wake uliojificha humo kama paka chini ya kabati. Ilinibidi nimwambie mteja ajaze pumzi shavuni, nivute ngozi kwa kidole gumba, kisha wembe upite kwa adabu. Watu walitoka mitaa ya mbali kunifuata. Leo nyuso zote ni laini kama sahani. Ng'ambo ya barabara kuna kijana mwenye mashine ya umeme, ananyoa huku macho yake yakiwa kwenye mpira wa televisheni, wala hamkati mtu. Huo ni unyozi au ni kufuta meza?

2. Jina langu. Kibao cha dukani kimeandikwa CHUJIO, na enzi zile hakuna aliyeuliza kwa nini. Juzi mama mmoja aliingia, akanitazama usoni vizuri kabisa, kisha akauliza bei ya machujio ya chai.

3. Heshima. Aliyeugua ndui akapona haugui tena, kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa tukiitwa kuwalisha wagonjwa uji katika nyumba ya kutengwa, wengine wote wakisimama mbali na kutuelekeza kwa vidole. Nilikuwa sijaota hata ndevu, lakini watu wazima walinipisha njiani. Huenda walinipisha kwa sababu nyingine, ila nilipishwa. Sasa napanga foleni kama kila mtu, na karani wa benki, binti mwenye huruma zake, amenishauri nipake dawa ya chunusi.

4. Mchanjaji. Huyu alikuja kwa baiskeli, sanduku nyuma, na kisindano chenye ncha mbili kama uma wa mtoto. Nilimweleza kwa upole kwamba mimi nimeshaugua, na uso wangu ni ushahidi wa kutosha. Akajibu bila kuinua kichwa, "Uso si mkono. Nyoosha mkono." Akanichoma. Lakini hilo silo lililoniuma. Mama yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu tuwazike wadogo zangu wawili, alimletea mtu yule kiti, akamletea maji ya kunywa, kisha akasimama juani kumshikia baiskeli isianguke mpaka alipomaliza mtaa mzima. Bwana Mganga Mkuu, nakwambia kwa uchungu: mimi mwanawe wa kumzaa hajawahi kunishikia baiskeli.

5. Msongamano. Mngeishia kwenye ndui tungesameheana. Mkaleta ya surua, ya kifaduro, ya pepopunda, na yale matone ya polio ambayo hayana hata adabu ya kuuma. Matokeo yake watoto wa nyumbani kwangu wote wanakua. Nikitaka kumtuma mjukuu mmoja, naita majina ya ukoo mzima ndipo nimfikie, na akifika nimesahau nilichotaka kumtuma. Wazee wetu walikuwa na hekima: hawakulizoea jina la mtoto mpaka ndui impitie kwanza. Mwanangu amemnunulia mwanawe viatu vya shule kabla mtoto hajajua kukaa. Ujasiri huo ameupata wapi, kama si kwenye sindano zenu?

6. Ombi. Nasikia ndui iliyobaki imefungiwa katika vichupa, mahali penye baridi na walinzi. Kitu kilichofungiwa hakimfai mtu. Naomba irudishwe kidogo tu, katika mtaa wetu, siku za kazi, kwa masharti yafuatayo. Isiguse watoto. Isiguse mama zao, maana nani atawalea. Isiguse baba zao, ambao ni wateja wangu. Isiguse wazee, tumeshachoka. Anabaki yule kijana wa mashine ya umeme. Lakini mama yake hutugawia maji kila bomba letu linapokauka, kwa hiyo naye asiguswe. Ikishayatimiza hayo, iko huru kufanya kazi yake.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, na yule mama anayepiga deki ukumbini na kutufokea tunapokanyaga.

Ni mimi niliyejeruhiwa na afya njema ya wengine,
Kinyozi Chujio

Nyongeza: Usishangae kuona mwandiko umepinda, haya naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati yako. Mjukuu wangu ana binti mchanga, na alikuwa amekataa asichanjwe surua kwa maneno aliyoyasoma kwenye simu. Leo asubuhi nilivichukua vidole vyake nikavipitisha shavuni kwangu, polepole, mpaka kidevuni. Nikamwambia, "Hapa ndui ilipita. Kwa wadogo zangu haikupita, ilikaa." Alimfunga mtoto mgongoni, akaniuliza viatu vyangu viko wapi.

Sasa muuguzi anasema chanjo ya surua imekwisha, turudi wiki ijayo. Namjua mjukuu wangu: wiki ijayo atakuwa ameshasoma jambo jingine. Kwa hiyo yote niliyoandika huko juu yaweke kando, utayasoma ukiwa na nafasi, au usiyasome kabisa. Mtume mtu mwenye pikipiki aifuate chanjo popote ilipo. Mtoto amelala, mama yake ametulia, na mimi nimekaa upande wa mlangoni. Hatuondoki.